Dawa ya Mwendo Nayo Ina Kipimo



Mtu akiambiwa na daktari kuwa ana kisukari cha ukubwani, hupewa vidonge na kuelezwa barabara namna ya kuvitumia: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula. Kisha, akiwa tayari anashika mlango, huambiwa neno la mwisho: afanye mazoezi. Mazoezi gani? Dakika ngapi? Siku ngapi kwa juma? Mara nyingi hayo hayasemwi. Maoni yetu ni kuwa mwendo ni dawa, na dawa yo yote isiyo na kipimo haiwezi kutumika ipasavyo.

Maradhi haya yatuhusu sote, tulio visiwani na walio bara. Leo twapenda kuyatazama kutoka mwambao wa Ziwa Victoria, kwani huko mabadiliko ya maisha yaonekana waziwazi. Mwaka 1989 jarida la madaktari la Lancet, la Uingereza, lilichapisha matokeo ya upimaji uliofanywa na Donald McLarty na wenziwe katika vijiji sita vya Tanzania, vingine vikiwa katika mkoa wa Mara ulio kando ya ziwa hilo. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu 100. Mwaka 2012 ulifanywa upimaji mwingine Tanzania Bara, ukakuta kiasi cha watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 sukari yao ya damu imepanda. Ni kweli kwamba safari hii ya pili walipimwa na watu wa mijini, tena umri haukuwa ule ule, kwa hiyo hesabu hizi hazilingani sawasawa. Lakini hapana awezaye kusema kuwa hali imebaki kama ilivyokuwa.

Tuutazame mji wa Mwanza. Umejengwa juu ya vilima vya mawe: Igogo, Mabatini, Isamilo, na Bugando penye hospitali kubwa ya rufaa. Aliyejenga juu ya mwamba hakuwa na budi kupanda na kushuka kila siku, pengine na ndoo ya maji kichwani. Siku hizi mwenye fedha kidogo huita bodaboda. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mchukuzi hubeba gunia la dagaa kwa haraka mpaka kwenye lori, akarudi polepole mikono mitupu, akabeba jingine. Tajiri mwenye dagaa aweza kukaa kitini kutwa nzima, soda mkononi. Nasi huku tusicheke. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu, na mwenye shamba aliyekwisha acha kupanda miti yuko barazani ahesabu pishi, birika la chai ya sukari mbele yake. Hatusemi kuwa kila mgonjwa amejitakia, maana maradhi haya hufuata ukoo na umri pia. Twasema tu kwamba kazi iliyokuwa ikitukinga imetutoka, na hatujaweka kitu mahali pake.

Sasa tazameni tena mwendo wa mchukuzi yule: kasi, kisha pole, kasi, kisha pole. Wataalamu wameupima mwendo wa namna hiyo. Huko Matsumoto, Japani, Hiroshi Nose na wenziwe walitangaza mwaka 2007 kuwa wazee waliotembea dakika 3 kwa kasi na dakika 3 polepole, wakarudia mara tano au zaidi, walipata nguvu za miguu na pumzi kuliko waliotembea kwa mwendo mmoja. Mwaka 2013 Kristian Karstoft na wenziwe wa Copenhagen, Denmark, walitangaza jaribio la wagonjwa wa kisukari cha ukubwani wenyewe. Makundi mawili yalitembea saa moja, siku tano kwa juma, kwa miezi minne, na jumla ya nguvu walizotumia ililinganishwa. Kundi la mwendo mmoja sukari yao haikubadilika. Kundi la kasi na pole sukari yao ilishuka, pumzi ikaongezeka, na uzito ukapungua zaidi ya kilo 4. Jaribio lilikuwa dogo, watu 12 katika kila kundi, lakini somo lake lafaa kushikwa.

Sababu yake si ngumu. Katika maradhi haya insulini haifanyi kazi yake vizuri, na sukari hubaki katika damu. Msuli unaofanya kazi huweza kuivuta sukari hiyo kwa njia yake wenyewe, na baada ya mazoezi mwili huipokea insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana haifai kupitisha zaidi ya siku mbili bila kutembea. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa twawaomba ruhusa ya dakika tatu tatu tu.

Kasi yenyewe ni ipi? Ni ile ambayo mtu aweza kusema maneno machache lakini hawezi kuimba. Si lazima kukimbia. Mkazi wa Mwanza aweza kupanda kilima chake kwa nguvu na kukatiza kwa mwendo wa pole. Mwenye magoti mabovu atafute barabara tambarare kando ya ziwa. Huku kwetu njia za mashambani zatosha. Anayeanza aanze na dakika moja moja, aongeze kidogo kidogo.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Mwenye maradhi ya moyo, presha iliyopanda sana, macho yaliyoharibika kwa kisukari au kidonda mguuni asianze kabla ya kumwona daktari. Anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi achukue peremende au sukari mfukoni, kwani sukari yaweza kushuka ghafla akatetemeka na kutoka jasho la baridi. Akisikia maumivu ya kifua, asimame. Viatu viwe vya kufunika vidole, na miguu itazamwe kila jioni, maana mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba. Wala mtu asiache vidonge vyake kwa sababu ametembea. Na sisi wakulima wa karafuu, ambao faida ingekuwa yetu, twasema wazi: maji ya karafuu si badala ya dawa ya kisukari, na anayeyauza kwa ahadi hiyo awadanganya wagonjwa.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, kliniki za kisukari, za Mwanza na za Unguja na Pemba, ziandike mwendo katika cheti cha mgonjwa kama ziandikavyo vidonge: dakika, marudio na siku, na mgonjwa aulizwe habari zake arudipo. Pili, kila tawi la chama chetu lipange siku nne za juma ambapo wanachama watatembea pamoja asubuhi, kabla jua halijawa kali, mmoja wao akiwa na saa. Haya hayahitaji fedha ya chama. Mguu uliokatwa hauoti tena kama chipukizi la mkarafuu, na figo zikifa gharama yake hakuna msimu wa karafuu utakaoilipa. Tuanze Jumatatu ijayo.