Kuchora Mnyama kwa Picha Si Kudanganya

Kila nikiposti mchoro wa mnyama, lazima msee mmoja aje na ile komenti yake: "Si umekopi tu picha?" Leo tuongee, maana hii maneno imefanya watoto wengi waweke penseli chini.

Kwani ulitaka kifaru aje akae kwa ngazi za ploti nimchore? Nairobi ina mbuga tangu 1946, na bado kuna watu mtaani ambao simba wamemwona kwa sarafu ya shilingi 10 pekee. Na hata ukipata pesa ya kuingia, simba hatakungoja umalize shingo.

Eti wasanii wa kitambo walichora kwa kichwa. Sawa. Mwaka wa 1515, Mjerumani Albrecht Dürer alichora kifaru ambaye hakuwahi kumwona. Alitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvalisha ngozi kama mabati ya askari wa vita, kisha akamwongezea kapembe mgongoni. Mgongoni! Na huyo alikuwa noma kuliko sisi wote.

Ama farasi. Kwa miaka mingi wachoraji walimchora akikimbia huku amenyoosha miguu, miwili mbele, miwili nyuma. Mwaka wa 1878, Eadweard Muybridge akapiga picha za farasi mbioni kule California. Kumbe miguu yote minne ikiwa hewani, imekunjwa chini ya tumbo. Watu walikuwa wameangalia farasi maisha yao yote, na hawakuwa wameona.

Picha haikuchorei. Inakulazimisha uangalie. Chora jicho la mbuzi saa hii bila kucheki popote. Umeweka duara jeusi, sivyo? Mboni ya mbuzi imelala, kama tundu la kutumbukiza sarafu. Ya paka kwenye jua ni mstari uliosimama. Ya simba ni duara, lakini anayechora "kwa kichwa" humpa simba macho ya paka, halafu anashangaa mbona simba wake anakaa kama anataka maziwa. Punda milia wa kawaida ana mistari hadi tumboni. Yule wa Grevy, wa huko Samburu, tumbo lake ni jeupe. Haya huyajui mpaka ukae na picha lisaa limoja na raba imeisha nusu.

Kuweka karatasi juu ya skrini na kufuatisha mistari, halafu ujiite msanii? Hiyo siitetei. Na picha ina mwenyewe, mtu aliyeamka usiku akalala kwa matope akingoja chui. Ukitaka kuuza mchoro uliotoka kwa kazi yake, muombe ruhusa. Ama piga yako: kuku wa jirani, wale marabu wa karibu na Nyayo Stadium. Marabu ni mbaya sura hadi raha.

Sasa wewe wa "nenda ukamwone mnyama mwenyewe," nijibu. Machi 2018, kule Ol Pejeta, Laikipia, alikufa Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini. Wamebaki Najin na binti yake Fatu. Mtoto wa Gredi ya Nne akitaka kumchora Sudan jioni ya leo, kwa meza ya jikoni, na penseli yake ya HB, aende amwone wapi?