Neli za Shaba Tuzitazame Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita wengi wenu mlipiga makofi liliposomwa shauri la kununua kipoza-mvuke kilichokwisha tumika, kilichoko Magomeni, mjini Mtwara. Chatakiwa kwa mtambo wetu wa kukamulia mafuta ya majani ya mkarafuu na mchaichai. Mtambo mdogo, si kama ule wa makonyo wa Wawi, Pemba. Bei yake ni nusu ya kipya. Sisi tumevuka bahari, tumekitazama kwa macho yetu, na rai yetu ni kwamba kisinunuliwe.

Mwenye kukiuza alitupokea vizuri, akatuambia neli zake ni za shaba, na shaba haishiki kutu. Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ni kweli shaba haifanyi kutu nyekundu kama chuma, lakini huliwa, tena huliwa kwa siri. Shaba ya manjano ni mchanganyiko, mara nyingi sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Maji ya chumvi, hasa yakiwa vuguvugu na yametuama, huitoa zinki na kuacha shaba nyekundu tupu yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje neli ni ile ile, unene ule ule, ukiibonyeza yavunjika. Tulikwangua neli 3 za pembeni kwa kisu, na chini ya uchafu wa kijani tukakuta mabaka mekundu. Fundi tuliyefuatana naye hakusema neno, alitutazama tu.

Ziko shaba zilizofanyizwa kwa kazi hii. Waingereza waliongeza bati kiasi cha sehemu 1 katika 100 (bati lenyewe, si mabati ya kuezekea), ikaitwa shaba ya Admiralty, kwa jina la idara yao ya manowari. Tena ikajulikana kwamba arseniki kidogo mno, isiyofika sehemu 1 katika 1,000, huizuia zinki isitoke. Kwa maji ya bahari hutiwa alumini sehemu 2 katika 100, nayo huifanyia neli utando mwembamba unaojirudisha ukikwaruzwa. Lakini jicho haliwezi kuzitofautisha, zote ni za manjano. Ndiyo maana yatakiwa cheti cha kiwanda, na cheti hatukuonyeshwa.

Hata shaba njema ina adui zake: tope la mikoko linalonuka mayai viza, na amonia. Zamani za jeshi la Waingereza huko India, maganda ya risasi ya shaba yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe majira ya mvua, kwa amonia itokayo katika mkojo. Wale wanaotaka banda la mtambo lijengwe ubavuni mwa zizi la ng'ombe, kwa kuwa kiwanja ni cha bure, wayafikiri hayo.

Neli ikitoboka, maji ya kupozea huingia katika mafuta, na kazi ya siku nzima huharibika. Watakaoulizwa fedha zimekwenda wapi ni Kamati na Katibu.

Twaona yafaa tutumie maji ya kisima, yapandishwe katika tangi, na tununue kipoza kipya cha chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida hakifai, huyatia mafuta ya karafuu weusi. Fedha zilizopo hazitoshi. Itabidi tungoje michango ya msimu ujao. Wapo watakaosema tunachelewesha. Ni kweli, majani ya mwaka huu yataoza chini ya mikarafuu, na hasara hiyo hata sisi inatuuma.

Amana haijatolewa. Mwenye mali alituruhusu tukate kipande cha neli. Kitakuwa juu ya meza siku ya mkutano, na kila mwanachama akibonyeze kwa kidole chake.

Katibu