Kombe Walilifunga kwa Bolti, Mashua Wakaichoma Moto

Kwa miaka 132 Wamarekani hawakukubali kulipoteza kombe lile la fedha. New York Yacht Club walilikaza kwa bolti lisibanduke, na Australia II ilipolinyakua mwaka 1983 dunia nzima ya matanga ilitikisika. Lakini mashua iliyolishinda, America, ambayo ndiyo iliyolipa kombe hilo jina lake, waliiacha ioze. Hiyo ni aibu, na haijafutika.

America haikuwa mbao tupu. George Steers aliichora, ikaundwa New York, ikavuka Atlantiki kwa matanga yake yenyewe. Tarehe 22 Agosti 1851 ilizunguka kisiwa cha Wight na kuwaacha nyuma Waingereza, mbele ya malkia wao. Wenyewe wakaiuza papo hapo, kombe wakarudi nalo nyumbani. Tazama basi walichokithamini tangu siku ya kwanza!

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mashua hiyo ilitumikia Kusini, ikazamishwa kwa makusudi Florida mwaka 1862. Jeshi la majini la Kaskazini likaiibua, likaipa mizinga, likaituma kuziba bandari za adui. Baadaye ikafundishia wanamaji vijana, na mwaka 1870 ikarudi mashindanoni, kikongwe wa miaka 19, ikashika nafasi ya nne. Chombo gani kingine kimelitumikia taifa hivyo?

Mwaka 1921 ilikabidhiwa chuo cha wanamaji cha Annapolis. Hapo ndipo hasira yangu inapowaka. Mbao hudai kalafati, rangi na mkono wa fundi kila mwaka. Ukiziachia maji ya mvua, uozo unaingia hadi kwenye mataruma. Walijua. Hawakufanya. Ilipotolewa majini hatimaye ili itengenezwe, vita vikawa vimebisha hodi, na Machi 1942 theluji ikaliangusha paa la banda juu yake. Mwaka 1945 mabaki yakachomwa.

Msiniambie habari za vita. Kabla yake palikuwa na miaka 20 ya amani. Katika miaka hiyo hiyo jeshi hilo hilo la majini liliikarabati Constitution, meli ya mwaka 1797, kwa michango iliyojumuisha senti za watoto wa shule, na ingali inaelea Boston. Ufundi ulikuwepo. Moyo ndio uliokosekana. Nakala iliyoundwa mwaka 1967 haiwatoi lawamani, maana mbao zake hazikuwahi kuonja mashindano yale.

Leo timu zinamwaga mamilioni kwenye mashua za kaboni kuligombea kombe lile lile. Zilazimishwe kulipa: kila timu inayojiandikisha ilipie matunzo ya mashua kongwe ya mbao iliyo hai, na mshahara wa kijana anayejifunza kuiziba nyufa. Isiyotaka, isiruhusiwe kufika mstari wa kuanzia.