Jimbo la Mji Mkongwe limekwenda wapi?



Leo nina chemsha bongo. Mji Mkongwe upo, nyumba zake zipo, kahawa ya Joz Kona ipo, na UNESCO wameutia katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Lakini hebu tafuta jimbo la Mji Mkongwe katika majimbo ya Zanzibar. Hulioni. Lilikuwepo mpaka Tume ya Uchaguzi (ZEC) ilipopitia mipaka kabla ya uchaguzi wa 2015, na baada ya hapo tukawa na jimbo la Malindi.

Nimewauliza vijana wenzangu kadhaa wa mjini, wengine na shahada zao, wengi hawana khabari. Wagombea wanawajua mpaka ukoo. Mpaka wa jimbo lao unaanzia wapi na unaishia wapi, hawajui. Na mimi nasema hapo ndipo tunapoliwa, kwa sababu ule mstari unapochorwa, nusu ya uchaguzi imeshapigwa.

Tuanze na jiografia kidogo, msichoke. Leo ukivuka Darajani unavuka barabara, unapigana na daladala na bodaboda. Wazee walivuka maji. Kulikuwa na mkono wa bahari ulioingia nyuma ya mji. Upande huu nyumba za mawe, upande wa pili ndio "ng'ambo", na daraja lililounganisha ndilo lililouachia mtaa jina lake. Mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo mpaka ikabaki Creek Road. Maji yakaondoka, mpaka haukuondoka.

Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika Julai 1957. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu visiwa vyote, na wapiga kura walikuwa wanaume peke yao. Mjini kulikuwa na viti viwili: Mji Mkongwe kimoja, Ng'ambo kimoja. Yaani yale yale maji yaliyofukiwa yakawa mpaka wa kura. Ng'ambo, Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani wa Hizbu. Mji Mkongwe ukachukuliwa na mgombea wa jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Kihindi. Hizbu hawakupata hata kimoja. Mji mmoja, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, matokeo kama ya nchi mbili.

Januari 1961 viti vikawa 22, na safari hii kina mama nao wakapiga kura. ASP walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Moja! ZPPP wakagawika, kambi zikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana. Juni mwaka huo huo uchaguzi ukarudiwa kwa viti 23, na watu 68 wakafa katika ghasia.

Sasa njoo Julai 1963, viti 31. ASP walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Hizbu na ZPPP pamoja wakapata viti 18 na wakaunda serikali. Sababu? Kura za ASP zilirundikana katika majimbo waliyoshinda kwa wingi mkubwa, za wenzao zikatawanyika vizuri. Uhuru ulikuja Disemba 10, 1963, mapinduzi Januari 12, 1964. Sisemi mapinduzi yaliletwa na mistari ya majimbo, sababu zilikuwa nyingi na nzito. Ila jiulize: mtu aliyeona wenzake wengi wamepiga kura na bado wameshindwa, angeiamini vipi kura tena?

Turudi zama zetu. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mapinduzi, CCM walipata viti 26 vya uwakilishi na CUF 24: vyote 21 vya Pemba na vitatu vya huku mjini Unguja. Mwaka 2000 uchaguzi ulifutwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi na kurudiwa Novemba 5. CUF wakasusia. Kabla ya 2005 mipaka ikapitiwa: Pemba ikatoka majimbo 21 ikawa 18, Unguja ikatoka 29 ikawa 32. Katika uchaguzi ule, Mji Mkongwe ndilo jimbo pekee la Unguja lililokwenda CUF. Mwaka 2015 majimbo yakawa 54, manne yote mapya yakiwa Unguja. Uchaguzi wenyewe ukafutwa Oktoba 28, ukarudiwa Machi 2016 huku CUF wakisusia tena. Mwaka 2020 majimbo yakarudi 50. Utadhani tunacheza bao, kete zinakwenda na kurudi!

Nataka niwe mkweli kwa pande zote. Wengi wamelalamika Pemba ilionewa ilipopunguziwa majimbo. Lakini chukua kalamu. Sensa ya 2002 ilihesabu Wazanzibari kiasi cha 980,000, na Wapemba walikuwa kama 360,000, asilimia 37 hivi. Majimbo 18 kati ya 50 ni asilimia 36. Hesabu inakubali. Tatizo ni kuwa watu walioona majimbo yao yakipungua hawakuona hesabu, waliona mkono wa chama. Na ukiwa na historia kama yetu, huwezi kuwalaumu.

Mtihani mkubwa unakuja. Sensa ya 2022 imeonyesha watu 1,889,773, na Pemba ni 543,441, chini ya asilimia 29. Mjini Magharibi peke yake ina watu 893,169. Ukifuata idadi ya watu tu, Pemba itapunguziwa tena. Na huku kwetu watu wanahama kila siku. Nyumba za Shangani na Kiponda zinageuzwa hoteli, wenyewe wanakwenda Fuoni, Mbweni na Mwanakwerekwe. Mgeni wa hoteli hapigi kura. Mpangaji kijana naye ana shida yake, kwa sababu sheria yetu ya uchaguzi imekuwa ikitaka mtu akae miezi 36 mfululizo katika jimbo kabla ya kuandikishwa. Ukihama kila kodi inapopanda, unaweza kufika miaka thelathini bila ya kuwa wa jimbo lolote.

Basi mimi nadai nini? Sidai Mji Mkongwe ubakishwe jimbo kwa sababu ni mzuri kwenye picha. Watu wakipungua, wapungue na viti, hiyo ndiyo haki. Katiba ya 1984 inaruhusu majimbo yasiyopungua 40 na yasiyozidi 55, kwa hiyo nafasi ya kupanga ipo. Ninachodai ni mambo matatu. Ramani zitolewe shehia kwa shehia, kwa Kiswahili cha kueleweka, kabla ya uamuzi na si baada yake. Kila shehia inayohamishwa itolewe sababu kwa maandishi. Na kazi yote imalizike mapema, si mwaka wa uchaguzi wakati bendera zimeshapandishwa.

Na sisi vijana tuache uvivu. Tunajazana barazani kubishana nani kafaa na nani hakufaa, kutoka Joz Kona mpaka Kisonge, halafu tume ikiita watu kutoa maoni juu ya mipaka wanakwenda masheha na makatibu wa vyama. Wanaobaki wakipanga ndio hao hao waliokwenda. Tume itakapoita tena, nendeni. Na mkifika, ulizeni swali moja tu: shehia yangu mnaipeleka wapi, na kwa nini?