Bingwa wa mifupa kijijini: leseni bado inaishia mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula, Malaba au Rusumo hukagua mzigo, stakabadhi na bei ya kubadilisha fedha. Wachache hujiuliza hili: nikivunjika mguu kabla ya kufika mpakani, nani atauunga, na yuko upande gani wa mpaka?

Barabara zetu za biashara hupita vijijini, lakini mabingwa wa mifupa wamejaa mijini. Majina yanayotajwa kila mara ni yale yale: MOI jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Mulago Kampala na Kenyatta Nairobi. Mwaka 2015, tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja tiba ya mfupa uliovunjika na kutokeza nje kuwa miongoni mwa operesheni tatu ambazo hospitali ya wilaya inapaswa kuzimudu, pamoja na kujifungua kwa upasuaji na upasuaji wa tumbo. Iliweka pia lengo la wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Ukanda wetu uko mbali sana na lengo hilo.

Hasara yake inaonekana sokoni. Pasipo upasuaji, mtu mzima aliyevunjika paja hulazwa huku mguu ukivutwa kwa uzito wiki sita au zaidi. Akiwekewa chuma ndani ya mfupa, mara nyingi huanza kutembea kwa magongo baada ya siku chache. Kwa mama muuza vitenge, wiki sita kitandani maana yake mtaji umeliwa, kibanda kimefungwa na marejesho ya kikundi yamelala.

Je, kumpeleka bingwa mmoja wilayani kunatosha? Hapana. Anahitaji mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mpiga eksirei, damu salama, vyuma na skrubu stoo, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akikosekana mmoja tu, bingwa atakaa akiandika rufaa za kwenda mjini, na baada ya muda atazifuata yeye mwenyewe.

Mifano ya kufanya kazi kwa uwezo mdogo ipo. Malawi ilianza mwaka 1985 kuwafundisha matabibu wasio madaktari kutibu mifupa, na ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo katika hospitali za wilaya. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, limetengeneza chuma cha ndani ya mfupa ambacho daktari anaweza kukifunga bila mashine ghali ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Hospitali kadhaa za Afrika Mashariki zinakitumia.

Hapa ndipo mtangamano unapoingia. Chuo cha madaktari wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao Arusha, hufundisha mabingwa ndani ya hospitali za nchi wanachama na kuwapa mtihani mmoja. Hata hivyo, aliyefaulu akiwa Uganda hawezi kuvuka kesho na kupasua Tanzania. Lazima kwanza asajiliwe na baraza la madaktari la huko. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi zitambue sifa za kitaaluma za wenzao. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wana makubaliano yao tayari.

Mabaraza yana hoja. Operesheni ikiharibika, mgonjwa amshtaki nani, na wapi? Tena mpaka ukifunguliwa ovyo, nchi yenye mishahara minono itawavuta mabingwa wachache walioko kwa jirani. Njia ya kati ni leseni ya muda inayomfunga daktari kwenye hospitali ya wilaya ya mpakani, huku mabaraza yote mawili yakiwa na mamlaka ya kumwajibisha. Hapo anayehama ataongeza nguvu kijijini badala ya kuongeza msongamano mjini.

Kabla hayo hayajatimia, msafiri ajilinde. Muulize dereva kama gari lina Kadi ya Njano ya COMESA. Bima hiyo inavuka mipaka, na inagusa pia gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Mfupa ukitokeza nje, funika jeraha kwa kitambaa safi, ufunge mguu usichezecheze, kisha wahi hospitali. Kuanzia kwa mganga anayefunga vijiti kwa kukaza sana kunaweza kuzuia damu, na mguu ukaishia kukatwa.

Nyanya za Loitokitok na mchele wa Mwanza tumezitafutia utaratibu wa kuvuka. Mikono inayounga mifupa ya wanaozisafirisha nayo inastahili utaratibu wake.