Kasoro ya Neno "Kupona"

Mzee anapomaliza matibabu ya saratani, jamaa zake hutangaza kuwa amepona. Uvimbe umetoweka, naam. Hata hivyo, huenda mwenyewe akawa anasahau dawa zake, anapotelewa na maneno katikati ya mazungumzo, au anashindwa kuhesabu chenji dukani. Jamaa hao hao husema, "Ni uzee tu." Hapo ndipo lugha inapomdhulumu mgonjwa, kwani neno "uzee" hufunga mjadala kabla daktari hajaulizwa.

Tibakemikali yaweza kuathiri kumbukumbu na umakinifu, na wazee waliokuwa dhaifu tangu awali wamo hatarini zaidi. Udhaifu huo nao si fumbo. Mnamo 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliuwekea vigezo vitano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono usioweza kushika kwa nguvu, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye vitatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Takriban vyote vyaonekana nyumbani, pasipo mashine.

Maneno yaliyozoeleka hayasaidii sana. "Ukongwe" hutaja umri, "unyonge" hutaja hadhi, na "udhaifu", ambalo ni afadhali, hutumiwa hata kwa hoja na serikali. Wanaisimu wanaobuni istilahi za tiba wangeanzia hapa. Kwa sasa, mjukuu anayemtafsiria nyanyake mbele ya daktari huishia kusema, "Amechoka tu." Daktari huandika uchovu, na kumbukumbu za nyanya hazipimwi.