Kipimo cha Mlango wa Kizazi: Kionyeshacho na Kisichoonyesha

Mama aliyekoma hedhi miaka mingi aona matone ya damu. Ajituliza nafsi: "Mwaka jana nilipimwa, nikaambiwa ni mzima." Hapo ndipo penye hatari.

Kipimo hiki hutazama mahali pamoja tu, nao ni mlango wa kizazi. Kiko kitazamacho seli zilizoanza kubadilika kabla hazijawa saratani, na kiko kitafutacho virusi vya HPV, ambavyo ndivyo asili ya takriban saratani zote za mahali hapo. Kukutwa na virusi si kuwa na saratani, wala si ushahidi wa khiyana ya mume au mke, kwani huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili.

Hakichungui vifuko vya mayai, wala hakitegemewi kufichua saratani ya ndani ya mji wa mimba. Hata mabadiliko ya mlangoni huweza kukiponyoka, ndiyo maana hurudiwa: cha seli kila miaka 3, cha virusi kila miaka 5, na mapema zaidi kwa mwenye VVU.

Basi, mama na dada zetu, pimweni. Mwaweza kuomba muuguzi wa kike kwa ajili ya stara. Lakini damu itokayo baada ya hedhi kukoma, au baada ya tendo la ndoa, haingoji zamu ya kipimo. Mwoneni daktari upesi, hata kama cheti chasema mu wazima.